Kivuli cha Miti ya Baba

Nyasi za paa zikiungua hunukia utamu kidogo, kama viazi vikichomwa majivuni, na mpaka leo viazi hivyo siviweki mdomoni. Msimu mmoja nilipokuwa mtoto, kule Kalama mvua ilinyesha vizuri. Lakini mahindi yetu yaliyokuwa chini ya mikau, miti ambayo baba aliipanda upande wetu wa mpaka apate mbao, yalirefuka kama nyuzi, yakawa manjano, hayakutoa hata hindi moja la maana. Ng'ambo ya mpaka, shamba la Mutile lilijaa. Mutile alikuwa mjane asiye na mtoto, hana wa kumtetea. Kwetu mama alishaanza kutupimia unga kwa kikombe. "Kwake yanazaa, kwetu yanakufa," akasema baba yangu, Mutua. "Huyu Mutile ametuloga."

Jumamosi asubuhi akaenda kwa Mutile na ndugu yake Kilonzo, na majirani wawili, Musyoka na Ndeti fundi, sisi watoto nyuma tukipiga kelele kama watu wa harusi. Mutile alikuwa akipepeta maharagwe. Kilonzo akaupiga ungo teke. "Toa dawa uliyozika!" "Dawa gani, Kilonzo? Wewe Mutua, si nilikuambia upogoe miti yako? Mahindi hayaoni jua. Yatakula nini?" "Haiya! Tangu lini mahindi yakala jua?" Musyoka akauliza, na wote wakacheka, hata mimi. Kisha Ndeti akamvunja Mutile mkono kwa rungu. Niliusikia mfupa. Baba akatia moto paa. Mutile alipokuwa akitambaa kukimbia moshi, mimi Syokau, msichana wa miaka tisa, nilimtupia jiwe likampasua juu ya jicho. Baba akanipapasa kichwa kwa furaha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi hata hiyo haki hatukumpa. Alihamia Ndithini kwa kaka yake, akafia huko.

Siku hizi mmea ukinyong'onyea, vijana huupiga picha kwa simu, na mtu wa kilimo huwajibu kabla ya chakula cha mchana. Juzi mjukuu wangu Mwende, wa sekondari, alinisomea kwamba jani hupika chakula chake kwa nguvu ya jua. Maji yapo, hewa ipo, lakini jua likikosekana ni kama sufuria isiyo na moto. Nikamwambia anisomee tena. "Susu," akauliza, jina ambalo kwetu wajukuu humwita nyanya, "kwani zamani nani aliwafundisha mambo haya?" "Mutile," nikasema. Akataka kujua alikuwa mwalimu wa shule gani. Nikamweleza yote, mpaka jiwe. Mwende akafunga kitabu, akatoka nje, na siku hiyo hakuniita susu tena.