Sekunde 13,46 za Perpétue

Mwalimu Perpétue wa darasa la sita, ambaye darasa lake na langu yanagawana ukuta hapa Mugunga, ana kinyongo, na mimi simlaumu. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Akiwa msichana alikimbia mita mia kwa sekunde 13,46. Orodha ya wakimbiaji wa kwenda mashindanoni Kinshasa ilitaka sekunde nzima tu, zisizozidi 13. Mshika saa, Rémy, aliikadiria 13,46 kwanza ikawa 13,5, kisha akaikadiria tena ikawa 14. Mpwa wake mwenyewe, aliyefika nyuma ya Perpétue kwa 13,49, Rémy akamwandikia 13 moja kwa moja. Mpwa akapanda ndege. Perpétue akalia wiki nzima, akaenda kusomea ualimu.

Ndiyo maana desimali hafundishi kwa kitabu. Hutoa saa yake, watoto wakimbie uani juu ya mawe meusi, kisha kila mmoja aandike muda wake ubaoni: tarakimu ya kwanza baada ya virgule, yaani mkato, ni sehemu ya kumi, ya pili sehemu ya mia. Anayekadiria mara mbili hurudi kukimbia. Nimewahi kumwambia anawatesa watoto wa watu kwa kosa la mtu mmoja. Alininunia siku tatu.

Mwaka huu mashindano yakarudi, na orodha ileile, ila mshika saa sasa ni Perpétue. Igiraneza, binti wa Rémy, alikimbia 13,47. Baba yake alikuwa amesimama mstarini. Perpétue akasoma saa, akasema 13,5, kisha akaandika 14.

Rémy akasogea, kofia mkononi.

“Haifai arrondir mara mbili, madame. Unaangalia ile chiffre ya kwanza nyuma ya virgule. Ni quatre, nne tu. Inabaki treize, kumi na tatu.”

“Na 13,46, papa Rémy? Inakuwa ngapi?”

Mzee alimtazama binti yake, ambaye bado alikuwa akihema.

“Treize,” akasema. “Nilikuwa najua. Unisamehe, mama.”

Watu wote walisikia. Perpétue akafuta 14, akaandika 13, akaondoka.

Nilimfuata, nikampongeza kwamba hatimaye ameshinda. Akaniangalia kwa hasira.

“Nilikuwa nataka akatae,” akasema. “Angekataa, ningeacha mutoto wake kwa quatorze, kumi na nne kama yangu.”