Kalamu ya Dhahabu Tumboni

Kila ninapoinusa zafarani iliyochanganywa na marashi ya mawaridi, tumbo hunikaza hadi leo. Wenzangu hukumbuka pilau na harusi. Mimi hukumbuka kombe la Bibi.

Bibi mzaa baba alikuwa mtunzi wa nyimbo za harusi pale Bagamoyo, kama mama yake kabla yake. Shingoni alivaa mkufu wa zamani aliorithi kwake, wenye vipambo vitatu vya dhahabu: kidau cha wino, kitabu kisichofunguka, na kalamu ndogo kama punje ya mpunga. Hakuuvua hata akienda kuoga.

Nilikuwa darasa la pili nilipougua homa. Bibi akanitengenezea kombe: akaandika aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akainama kuziosha kwa marashi, akanimiminia kikombeni.

"Bismillahi, mwanangu. Kunywa, usibakize."

Nikagugumia. Kitu kigumu kikagonga jino, kikateremka kooni. Bibi akashika mkufu wake. Kalamu haipo.

Niliogopa, jamani, sijui niwaambieje. Ami Hamadi, mdogo wake baba, mtu asiyejua kunyamaza, akachungulia dirishani: "Huyu sasa ni wa kupasuliwa tu." Nikakiona kisu kabisa. Nikaisikia kalamu ikinikwaruza, ikiandika huko ndani maneno nisiyoyajua, nikalia mpaka homa yenyewe ikaona haya ikaniacha. Bibi alinilisha mlenda na ndizi mbivu, na kila nilipobanwa alinifuata na beseni. Nikimuuliza kama kalamu imetoka, jibu lake lilikuwa moja: "Bado."

Mwisho akanipa penseli. "Ukiandika wewe, yenyewe itatulia."

Basi nikaandika kama anayefukuzwa: majina ya kuku, nyimbo za jikoni, ugomvi wa majirani. Siku nikizembea tumbo lilinikata, nami nikarukia karatasi. Hofu hiyo nikakua nayo, nikaolewa nayo Pangani, nikatungia nayo harusi za watu. Bibi naye aliuvaa mkufu wake na vipambo viwili mpaka mwisho.

Alipofariki, nilipewa mkufu ukiwa umefungwa kitambaani. Vipambo vilikuwa vitatu. Kalamu ilikuwa imebonyea kidogo, pale jino langu lilipoigonga.

Ndipo nilipoelewa. Ilitoka zamani, pengine kesho yake tu baada ya kunipa penseli, naye aliponiona ninavyoandika akaamua kuificha. Nilicheka, nikalia. Kisha nikaketi mbele ya karatasi, nikangoja, na tumbo likanyamaza kimya, wala hakukuwa tena na cha kunisukuma niandike.

Sijapata kuogopa vile maishani mwangu.