Tanuri la Jumuiya Yetu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita kule Igowole, Mufindi, niliamini kwamba tanuri la matofali linajua nani amelisogelea. Nilifundishwa hivyo na Bibi Kolumba, mama yake mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Tanuri likishawashwa, alisema, mwanamke aliye katika siku zake au mwenye mimba asilikaribie mpaka lipoe. Akilikaribia, matofali yatatoka mabichi. Bibi aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyonifundishia Salamu Maria, na mimi sikuona kama kuna tofauti.

Mwaka huo kigango chetu, tawi dogo la parokia, kilikuwa kinajenga kanisa. Lile la zamani la mbao lilikuwa limeinama, tukawa tunasali huku jicho moja liko darini. Padre aliyekuja kutoka parokiani mara moja kwa mwezi aliagiza kila jumuiya, yaani majirani wanaosali pamoja, ifyatue matofali yake na kuchoma tanuri lake. Hakutaja mashindano. Lakini watu wa kwetu uwaambie kila mmoja achome lake, halafu utegemee wasishindane? Jumuiya zilikuwa nne, na yetu ilitaka iwe ya kwanza. Wanaume walikanyaga udongo, akina mama walichota maji, sisi watoto tulipanga matofali na kuyafunika kwa nyasi. Aliyetuimbisha siku zote hizo alikuwa Mama Atupele.

Huyu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu. Mume wake alikuja Mufindi kupasua mbao, na walikuwa wamekaa kwetu miaka miwili tu. Alikuwa na sauti ya kuvuka bonde. Mzee mmoja wa jumuiya alipopata kiharusi, aliyekuwa akimfulia mashuka ni Mama Atupele, wakati wakwe wa yule mzee walikuwa na sababu mpya kila wiki. Nilimpenda sana, na Bibi pia alimpenda. Hilo nalisema mapema ili mtu asije akadhani palikuwa na ugomvi.

Ilikuwa mwezi wa sita. Ukungu ulikuwa unakaa mpaka saa tano, na matofali yaligoma kukauka. Tukasikia jumuiya ya bondeni imeshawasha. Baba Ladislaus, mwenyekiti wetu, akasema basi, tunachoma. Kila nyumba ikaleta kuni, na nyingi zilikuwa matawi ya msindano yaliyokatwa juzi, bado yanatoa utomvu. Wote tuliona. Hakuna aliyesema kitu, maana aliyesema angeonekana anarudisha kazi nyuma.

Siku ya pili ya moto, Jumamosi asubuhi, Bibi alinituma niwapelekee wachomaji uji. Nilikuwa nimeamka na tumbo linaloniuma chini chini, lakini kwa Bibi tumbo halikuwa sababu ya kutotumwa. Nikafika, nikatua ndoo, nikasogea kwenye joto la tanuri kwa sababu ya baridi. Mama Atupele alikuwa anapita njia ya juu kwenda kisimani. Nilimwona anaacha ndoo yake katikati ya njia na kuja mbio. Alivua kanga ya mabegani, akanifunga kiunoni kabla wanaume hawajageuka.

"Nyamaza, mwanangu," alininong'oneza. "Sio ugonjwa. Nenda nyumbani ukaoge, nitakuja kukuelekeza."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichonipata, na ndipo nilipoelewa nimesimama wapi. Nililitazama tanuri. Nikarudi nyuma.

"Usimwambie mtu," nilisema.

"Nimwambie nani mie?"

Tanuri lilipopoa, Baba Ladislaus alichomoa tofali la kwanza na kuligonga kwa jingine. Likameguka kama andazi la jana. La pili vilevile. Nje yalikuwa na wekundu kidogo, ndani meusi na laini. Zaidi ya nusu ya tanuri ilikuwa hivyo. Mama mmoja alilia kabisa, na mimi nilikimbilia nyumbani.

Jumatano jumuiya ilisali kwetu. Baada ya rozari Bibi alisimama.

"Kuna mtu kalisogelea tanuri," alisema. "Ladislaus, mlimwona nani pale?"

"Mbona hakuna," Baba Ladislaus alijibu. "Labda huyu mjukuu wako alileta uji, na yeye ni mtoto. Na Mama Atupele alifika mara moja."

Macho yote yakamwendea Mama Atupele.

"Mama Atupele," Bibi aliuliza, taratibu, "una mimba?"

"Ndiyo, Bibi. Ya miezi mitatu."

"Mwiko ulikuwa unaujua?"

"Nilikuwa naujua."

"Sasa kule ulifuata nini?"

Mama Atupele aliniangalia. Nilikuwa nimekaa mkekani karibu na mlango, hatua tatu kutoka alipokuwa. Niliinamisha kichwa nikaanza kuhesabu punje za rozari kana kwamba sala haijaisha.

"Nilipita tu, Bibi," alisema. "Mnisamehe."

Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Afadhali wangemtukana, yakaisha. Walimwambia apumzike kazi mpaka ajifungue, na nyimbo akapewa mtu mwingine. Zamu ya kusali nyumbani kwake ilipofika, ilirukwa, na iliyofuata ikarukwa pia. Chakula alicholeta kwenye msiba mmoja kilirudi nyumbani kwake jinsi kilivyokuja. Kabla ya Noeli walifunga mizigo, wakarudi Tukuyu. Tulichoma tanuri jingine kiangazi, kwa kuni kavu, na kanisa likasimama.

Miaka yote hiyo niliamini kwamba niliyeharibu matofali ni mimi. Niliungama dhambi nyingi kwa padre, nyingine za kubuni, ila hiyo sikuigusa. Nimekuwa mtu mzima, nimehamia Mbeya mjini, nimeolewa, na siku tunajenga nyumba yetu nilimsimulia fundi habari za tanuri lile, nikamuuliza kama mwiko ule ni wa kweli. Alicheka sana.

"Tofali bichi na kuni mbichi, mama? Hata ungeweka masista walinde, lisingeiva."

Nilifurahi siku nzima. Kesho yake furaha ikaisha, kwa sababu niligundua kwamba fundi amenisafisha kwa matofali tu. Nilipoinamisha kichwa pale mkekani sikuwa najua habari za kuni. Nilijua kwamba mwenye kosa ni mimi, nikamwacha mwingine alibebe.

Mwaka mmoja kabla Bibi hajafariki nilikwenda Igowole kumwambia. Tulikuwa uani, tunapukuchua maharage. Nilipomaliza hakuinua hata uso.

"Nilijua," alisema. "Ulirudi umefunga kanga ya yule mama, ukaenda kufua sketi. Ningekosaje kujua?"

"Sasa Bibi, kwa nini ulimuuliza yeye?"

"Pale lazima angetajwa mtu. Ungetajwa wewe, ungekaa na jina hilo hapa hapa maisha yako yote. Yule alikuwa na kwao."

Nilimkasirikia, na nikashindwa kumkasirikia. Bibi aliuamini mwiko ule kwa moyo wote, na aliamini kuwa mimi ndiye niliyeuvunja, lakini alipolazimika kuchagua, alimchagua mjukuu wake. Alinificha kwa sababu nilikuwa damu yake. Mama Atupele hakuwa na undugu na mimi zaidi ya kusali pamoja Jumatano, naye akanificha vilevile, mbele ya watu waliokuwa wanamtenga.

Kutoka Mbeya mpaka Tukuyu ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Dada mmoja wa kwaya yetu anatoka kijiji chao, na ameniambia yule mama yupo, ana wajukuu. Sijaenda. Naogopa atanikaribisha, atanipikia ndizi, ataniambia hamna neno, ulikuwa mtoto, na mimi nitakubali haraka haraka.

Sasa hivi mimi ni katibu wa jumuiya yetu hapa mjini. Kila wiki ninasoma majina ya watu wa kuombewa: wagonjwa, wasafiri, wenye shida. Jina la Mama Atupele sijalisoma hata mara moja, kwa sababu najua wangeniuliza ni nani.