Kipande cha Shaba Mfukoni

Kitu cha kwanza kukosekana kilikuwa sauti. Kwa miaka mingi ukumbi ule wa snuka ulikuwa na sauti mbili: mipira ikigongana mbele, na mashine ya kukereza mbao na vyuma ikilia nyuma, katika chumba kilichokuwa stoo. Wachezaji waliuzoea mlio ule kama mtu anavyozoea mkoromo wa mwenzi wake. Hawakujua kuwa wanausikia mpaka asubuhi ile ulipokoma. Mmoja aliyekuwa ameinamia meza alikosa mpira mwepesi, akainuka, akauliza, "Mbona leo kama tuko msibani?" Wenzake waligeuka kutazama nyuma. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Meza ya kazi ilikuwa tupu, imefagiwa hata chembe za shaba, na ukutani zilibaki alama ndefu ndefu nyeupe pale fimbo zilipokuwa zikining'inia.

Aliyekuwa akifanya kazi mle aliitwa Mkereza. Mtaa mzima ulimwita hivyo, na hata mkewe alimwita hivyo akiwa na furaha. Akikasirika alimwita "baba watoto", kwa sauti ya chini, na hapo Mkereza alijua kuwa mambo yameharibika.

Ujanani alikuwa kiwandani, akichonga viungio vya mabomba ya maji. Jioni alikwenda ukumbini kutazama snuka, na mchezo ule ulimwingia moyoni. Lakini jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu tangu utotoni. Akiinama mezani, mpira mmoja aliuona miwili, na mara zote alipiga ule usiokuwapo. Akaacha kucheza. Aliacha kama mwanamume anavyomwacha mchumba aliyeolewa na jirani: kila siku anampita mlangoni, kila siku anamsalimu, na hakuna siku salamu ile haimchomi.

Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua vyombo chakavu. Wenzake walibeba koleo na nyundo. Yeye alichagua mashine kuukuu ya kukereza na vikata meno, vile vyuma vinavyochonga meno ya skrubu na ya nati. Akapangisha ile stoo ya ukumbini, akaanza kutengeneza fimbo za snuka.

Fimbo ya snuka haiwi fimbo tu. Mpira mweupe ukisimama mbali, mkono haufiki, kwa hiyo mchezaji hufunga kirefusho kwenye kitako cha fimbo yake. Kitakoni kuna tundu la shaba lenye meno ndani. Kirefusho nacho kina skrubu. Meno ya hapa yasipolingana na ya kule, hata kwa unene wa ukucha, ndoa hiyo haipo. Na kila mtengenezaji ana meno yake. Ya Mkereza yalikuwa ya mabomba ya maji, na hayakulingana na ya mtu yeyote aliye hai.

"Fundi," wachezaji walimtania, "fimbo yako nikiifunga bombani si nitaoga?"

"Utaoga, na sabuni nitakupa," alijibu, akicheka nao.

Lakini hakukusudia kuyabadilisha meno yale. Aliyenunua fimbo kwake alirudi kwake. Kitu alichokichonga kilikubali kitu alichokichonga yeye tu, na kikakataa vya watu wengine wote. Katika maisha yake hicho ndicho kitu pekee kilichomkataa kila mtu isipokuwa yeye, na akipitisha kitambaa juu ya shaba hiyo alisikia utulivu fulani ambao hakuwahi kumweleza mtu.

Miongoni mwa waliorudi kwake, mmoja alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, kinyozi wa mtaa wa pili. Walimwita Nusu kwa sababu ya kimo chake. Akisimama kando ya meza ya snuka, wenye midomo walimuuliza kama amekuja kucheza au kujificha. Lakini alikuwa na mkono wa kinyozi, mkono usiotetemeka karibu na sikio la mtu. Mkereza alimchongea fimbo, akamchongea na kirefusho kirefu kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, akamfundisha kila alichokijua kwa macho na ambacho mwili wake ulikataa kukifanya. Nusu akaanza kushinda. Ukumbi ulipompigia makofi, Mkereza alikuwa nyuma, mlangoni mwa stoo, akiyapokea makofi hayo moja moja kama yanayomhusu.

Kisha ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka lenye kioo kutoka sakafuni hadi darini. Ndani zilisimama fimbo zilizoagizwa mbali, zinang'aa kama zimepakwa asali. Mwenye duka alikuwa kijana mpole, viatu vyake haviguswi na vumbi, na kwa hivyo akaitwa Viatu. Mkereza hakuwahi kuingia humo. Aliijua mali yote ya duka lile kwa kuitazama kutoka upande wa pili wa barabara.

Alasiri moja Nusu aliingia stoo na begi jipya, refu, jembamba.

"Shemeji, hebu itazame hii."

Mkereza aliitazama bila kuishika. "Nani kakupa?"

"Nimenunua. Kwa Viatu."

"Na yangu ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Imepinda kidogo. Wewe mwenyewe uliniambia."

Ni kweli, alimwambia. Alimwambia ili Nusu aseme, basi nichongee nyingine.

"Ila nimefanya ujinga," Nusu aliendelea, akijikuna kisogo. "Kirefusho chako hakiingii. Kinazunguka mara moja, kinakwama. Na Viatu hana cha fimbo hii, mpaka aagize, na fainali ni Jumapili."

"Hukukijaribu kabla ya kununua?"

"Nilidhani tundu ni tundu."

"Tundu ni tundu!" Mkereza aligeukia mashine yake. "Miaka yote umekaa hapa kwenye hicho kiti, ndicho ulichojifunza hicho?"

Nusu alicheka, akidhani anataniwa. "Nakuomba, shemeji. Huwezi kunichongea kipande cha katikati? Huku meno yako, huku meno yao."

"Haiwezekani."

"Kabisa?"

"Kabisa. Meno hayo hayajuani."

"Basi," alisema Nusu, akafunga begi. "Wewe ndiye unayejua."

Alitoka bila kinyongo. Laiti angalinuna, Mkereza angalilala vizuri.

Kesho yake Viatu mwenyewe alivuka barabara. Alisimama mlangoni, akachagua mahali pa kukanyaga katikati ya vumbi la mbao. "Shikamoo kaka. Nimekuletea kikata meno cha fimbo zangu, na kitako kimoja kibovu cha kupimia. Nimesikia huna. Tumia tu, utanirudishia."

"Weka hapo," alisema Mkereza, na hakuitikia hata shikamoo.

Lakini chombo kizuri kikikaa mbele ya fundi, mikono yake haiulizi moyo. Kabla ya jua kuzama kipande kilikuwa tayari, kifupi kama kidole gumba, kimenyooka, meno pande zote mbili. Alikifunga kwenye kitako kibovu. Kiliingia kimya, mpaka mwisho. Akafunga kirefusho. Kiliingia. Mkereza alikaa akikitazama kama mtu aliyemfumania mkewe akicheka na mgeni. Akakifungua, akakitia mfukoni.

Hakukusudia kukificha milele. Alijipangia mambo: siku ya fainali mpira utakwenda mbali, Nusu atakwama, atageuka, atamtafuta kwa macho, na mbele ya ukumbi mzima, mbele ya Viatu, atasema, shemeji, nisaidie. Hapo atainuka. Hakutaka zaidi ya hapo.

Mkewe alikiona siku alipokuwa akikusanya nguo za kufua.

"Hiki nini?"

"Chuma tu."

"Chuma tu kinang'arishwa hivi?" Alikigeuza kwenye mwanga, akaona meno ya huku na meno ya huku. "Mkereza. Si ulimwambia mdogo wangu haiwezekani?"

"Akitaka ataomba."

"Alishaomba." Alimrudishia, akamtazama sana, kisha akacheka. "Yule angekuwa mwanamke, leo ningejua nina mke mwenza." Hakucheka muda mrefu.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Viatu alikaa mstari wa mbele. Mkereza na mkewe walikaa mstari wa tatu. Nusu alicheza kama alivyofundishwa, na mchezo wa mwisho ukafika kwenye mpira mmoja, ule mweusi, uliosimama karibu na mfuko wa kona. Mtu yeyote angeuingiza. Ila mweupe ulikuwa katikati ya meza, mbali na kila ukingo, na mikono ya Nusu ilikuwa mikono ya Nusu.

Alizunguka meza. Alijaribu kuinama, akainuka. Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo, wengine kwa kumpenda. "Mleteeni kigoda!" sauti moja ilipaza. Nusu aligeuka, macho yake yakapita mistari ya viti, yakamfikia Mkereza, yakasimama. Hakuomba. Alitabasamu, akapandisha mabega: nitafanyaje, shemeji, si ulisema haiwezekani.

"Toa," mkewe alinong'ona.

"Hajaomba."

"Toa, baba watoto."

Mkono wake ulikuwa mfukoni, umekifumbata kipande, na shaba ilikuwa imepata joto la mwili. Mbele yake aliona shingo ya Viatu ikinyooka kwa wasiwasi. Fimbo ile nzuri, fimbo ya asali, ishindwe mbele ya watu. Wazo hilo lilimjia tamu, tamu kabisa, na kwa muda ule hakukumbuka kuwa fimbo ile imeshikwa na nani. Akabaki amekaa.

Nusu alilala juu ya ukingo, kidole cha mguu mmoja tu kikigusa sakafu. Fimbo iliyumba. Mpira mweusi uligonga mdomo wa mfuko, ukatikisika, ukasimama pale pale. Mpinzani wake aliumalizia kwa mkono mmoja.

Watu walisogea kumpa pole, na Mkereza naye alisogea. Jasho lilikuwa likimtoka. Alivuta leso, na leso ikatoka na kipande. Kililia sakafuni, kikabingirika, kikasimama kwenye kiatu cha Nusu.

Nusu alikiokota. Alikitazama upande huu, akakigeuza. Akakifunga kwenye kitako cha fimbo yake mpya, taratibu, kwa vidole vile vya kinyozi. Kisha akatoa begini kirefusho cha zamani, ambacho alikuwa bado anakibeba kwa mazoea tu ingawa fimbo yake aliiacha nyumbani, akakifunga. Fimbo ikasimama mkononi mwake, nzima, ndefu kumpita.

"Imeingia," alisema. Hakupaza sauti. "Shemeji, kumbe inaingia."

"Nilitaka uniombe," alisema Mkereza.

"Nilikuomba."

Nusu akafungua kirefusho, akafungua kipande, akamrudishia Mkereza kwa mikono miwili, kwa heshima yote anayostahili mume wa dada.

Hakumsema kwa mtu. Mkereza alipokwenda kunyolewa, Nusu alimfunga kitambaa shingoni, akamnyoa vizuri kama siku zote, akamgeuza kichwa kwa ncha za vidole, na kutoka mwanzo hadi mwisho hakumwambia neno. Mkereza alijitazama kwenye kioo kwa jicho lake zima, wembe ukipita karibu na sikio, akatamani mkono ule utetemeke hata kidogo. Haukutetemeka.

Ukumbini Nusu hakuja tena, na mashine ya stoo ikawa inamlilia mtu asiyekuwapo. Siku Mkereza alipovuka barabara kurudisha kikata meno, alikiweka mezani pamoja na kile kipande. Viatu alikichukua, akakijaribu kwenye fimbo moja, nyingine, nyingine.

"Shikamoo kaka," alisema, kama vile safari hii ndiyo ya kwanza. "Nina wateja wamekwama na fimbo na virefusho visivyojuana. Ungekuwa hapa ungewasaidia."

"Marahaba," alisema Mkereza.

Sasa yuko huko, nyuma ya kile kioo, kwenye kona ya kulia. Anachonga vipande vya katikati vya meno ya kila aina, na mteja akishika fimbo mpya humwambia alete kwanza kirefusho chake kijaribiwe. Duka la kinyozi halionekani kutoka pale alipoweka mashine.