Kuishi mtaa wa mchanganyiko: siku jirani yetu Kalasinga alipoita polisi msibani, Lindi

Wakuu, hodi humu. Wanaonizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama mpo. Waliobaki nasubiri yangu.

Kuna kijana kaanzisha uzi juzi analalamika kahamia nyumba ya wapangaji Kariakoo. Jirani huyu anasali hivi, yule anapika vile, wa tatu anaongea kilugha dirishani mwake tangu asubuhi. Anauliza ataishije.

Nimesoma majibu yenu. Karibu wote mmemwambia ahame.

Jamani! Ahamie wapi? Porini?

Mimi ni bibi, naandika kwa kidole kimoja na miwani, kwa hiyo mkiona herufi zimepishana mnivumilie. Nitawasimulia niliyoyaona kwa macho haya haya, kabla hayajafanyiwa operesheni. Chumvi nitaweka kwenye mboga tu, humu sitii.

Ni enzi za Mwingereza, miaka michache kabla ya uhuru. Mimi mwari wa Kilangala, Mmwera, nimeolewa na kijana anaitwa Saidi, kibarua wa bandarini Lindi mjini. Nikahamia nyumba ya baba yake, Mzee Abdala.

Nyumba yenyewe ya udongo na makuti, vyumba huku na huku, ua katikati, choo kimoja. Kila chumba na kabila lake.

Kijijini kwetu nilizoea sisi kwa sisi. Mtu akikohoa unajua ni mtoto wa nani. Pale uani asubuhi ilikuwa Kimakonde huku, Kiyao kule, Kingindo katikati, na nyuma ya ukuta Kipunjabi kinapiga misumari.

Wiki ya kwanza nikachukua sufuria moja imening'inia msumarini, nichemshie maji ya kuoga. Ilikuwa na kitambaa chekundu kwenye mpini, nikadhani urembo. Wanawake wakapiga kelele pamoja, kila mmoja kwa lugha yake, sikuelewa hata neno. Kumbe sufuria ya Mama Filomena, Mmakonde, Mkristo, anapikia nyama ya nguruwe siku zake za sikukuu. Kile kitambaa kakifunga mwenyewe, Waislamu tusije tukakosea.

Hakukasirika. Alinionyesha sufuria yake nyingine, akasema, "Hii ndiyo yenu, mwanangu. Azima unavyotaka."

Tazameni ustaarabu huo. Hakuna mtu aliyehama.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Chumba kinachotazamana na changu alikaa Bi Somoe, Mngindo wa Likawage, mjane, muuza vitumbua. Mwanamke mfupi, mnene, sauti kama ya muadhini. Asubuhi yangu ya kwanza pale natoka chumbani na aibu zangu za bi harusi, yeye ananitazama juu hadi chini.

"Ndiyo huyu? Saidi, umetoka hapa mpaka Kilangala kwenda kuchukua mchi wa kutwangia?"

Watu wakacheka. Akaenda kwenye kamba, akachukua kanga yangu mpya, akajifunga, akaondoka nayo sokoni!

Nililia. Saidi anacheka. "Huyo mtani wetu, mke wangu. Mngindo huyo."

Kwa vijana msiojua: Wamwera na Wangindo ni watani. Mababu walipigana huko nyuma, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo ni ruhusa kutukanana na kunyang'anyana kuku. Anayekasirika ndiye mkosaji. Ila mmoja akifiwa, mtani ndiye mwenye kazi. Atateka maji, atapika, na atawachekesha wafiwa mpaka wasahau kidogo. Utani nilikuwa nausikia kwa wazee, lakini mimi nimekulia katikati ya Wamwera watupu. Mtani ningemtoa wapi?

Basi kila asubuhi Bi Somoe na baba mkwe wangu ilikuwa vita.

"Abdala, hujafa tu? Wali wa msiba wako nimeusubiri mpaka meno yameisha!"

"Meno umeyamaliza kwa vitumbua vyako vya mawe, usinisingizie mimi."

Halafu anamwekea vitumbua vya motomoto kwenye kisahani, vile vilivyoiva vizuri, na mzee anakula.

Nyuma ya ukuta wetu ndiko alikokaa Bwana Mohani, Kalasinga, fundi seremala. Tulimwita Kalasinga kama mji mzima ulivyowaita Masingasinga, mwenyewe anaitika. Jitu refu, kilemba, ndevu, mikono kama makasia, na moyo laini kama mkate wa kumimina. Alikuja kwa meli kutoka Tanga, mkewe bado hajamfuata. Jioni alikuja kucheza bao na baba mkwe. Walipendana sana wale wazee, na wote wawili walikuwa wezi kwenye bao.

Tatizo ni kwamba Bwana Mohani alikuwa anasikia kila kitu kupitia ukutani.

Siku moja kaja mchana na uso mzito, kamvuta mzee pembeni. Mimi nachambua mchele pale pale.

"Mzee, yule mama hapana zuri. Kila siku naomba wewe kufa. Mimi nasikia!"

Nikafungua mdomo nieleze. Baba mkwe akanikata jicho. Akashika kifua, akamjibu kwa huzuni, "Ndugu yangu, acha tu. Nimeteseka."

Kesho yake Kalasinga kaja na patasi na nyundo, akampigia mzee komeo la chuma mlangoni, la kufungia kwa ndani, bure. Mzee akalipenda kweli. Bi Somoe alipoliona akauliza la nini, mzee akamjibu, "La wachawi wa Likawage." Bi Somoe alicheka mpaka akakaa chini.

Niliuliza, baba, mbona humwelezi mwenzio? Akasema, "Nitamweleza. Kwanza anitengenezee na dirisha."

Wakuu, hakuwahi kumweleza.

Masika yale mzee akashikwa na kifua. Hospitali tulikwenda, dawa tukapewa, lakini umri ulikuwa umekwenda. Aliyemuuguza pamoja na mimi ni Bi Somoe. Anamnywesha uji kijiko kwa kijiko huku anamtukana. "Meza, mzee mbaya wewe. Ukifa leo sina nafasi, nina unga nimeuloweka." Mzee anacheka, uji unamwagika kidevuni, Bi Somoe anampangusa.

Alifariki baada ya sala ya alfajiri, taratibu, kama mtu aliyelala.

Maiti ikaoshwa, ikakafiniwa, maziko yakapangwa baada ya adhuhuri. Bwana Mohani akapelekewa habari. Akalia hadharani, jitu zima, kisha akasema mbao za kufunikia kaburini atazichonga yeye, mtu mwingine asiguse. Akarudi karakanani kwake.

Kwa hiyo hakuwepo kuona Wangindo wanavyoingia.

Wanaume wamekwishabeba jeneza, wanataka kutoka. Mara Bi Somoe huyo, kavaa kanzu ya marehemu inaburuza chini, kofia yake kichwani, mkongojo wake mkononi, anatembea na kukohoa vile vile alivyokuwa anakohoa yeye! Nyuma yake Wangindo wenzake wa sokoni wanapiga masufuria. Akafika mlangoni, akajilaza kizingitini, kanyooka.

"Hatoki mtu! Huyu mali yangu, mnampeleka wapi bila ruhusa? Nataka jogoo!"

Mume wangu alikuwa hajatoa sauti tangu alfajiri. Nikamwona mabega yanatikisika. Nikadhani kilio, kumbe kicheko, na machozi yanamtoka humo humo. Sote tukawa hivyo, nyuso zimelowa, tunacheka, tunalia, hujui kipi ni kipi.

Ndipo Bwana Mohani akatokea na mbao zake begani.

Hebu mtazame yeye anachokiona. Rafiki yake amelala kwenye jeneza. Adui wa rafiki yake kavaa nguo za maiti, kazuia mlango, anadai jogoo. Na watu wote wanatoa machozi, hakuna anayethubutu kumtoa!

Aliziweka mbao chini kwa adabu. Akamwendea Bi Somoe.

"Mama, toka!"

"Sitoki!"

"Toka, mimi nasema!"

"Kalasinga, lala hapa na wewe, panatosha!"

Saidi akajaribu kumwambia, "Bwana Mohani, ni utani huu, ni—" lakini masufuria yanapigwa, na Kalasinga kashakuwa mwekundu.

"Serikali iko! Sheria iko!" Akageuka, akatimka mbio kuelekea bomani, kilemba kinapepea.

Kicheko kikakatika pale pale.

Mjue enzi zile zilivyokuwa. Watu wengi wakikusanyika na kupiga kelele, wazungu waliona siasa, na siasa walikuwa hawaitaki. Saidi akiandikwa jina bomani, kazi ya bandarini hana. Bi Somoe akikamatwa, vitumbua atapikiwa na nani mahabusu? Na maiti inangoja juani. Sheikh akasema tutoke kabla hawajafika. Wangindo wakasema, mtani hajaridhishwa, marehemu hawezi kutoka hivi hivi kama mtu asiye na wenyewe. Saidi kasimama katikati, kabeba jeneza la baba yake begani, hajui amtii nani. Na Bi Somoe pale kizingitini hakuinuka.

Wakafika. Koplo mmoja na askari mmoja, viatu vimeng'arishwa, virungu mkononi. Bwana Mohani nyuma yao anahema.

Koplo alikuwa mgeni mjini, hatumjui. Uso umekunjwa. Akauliza, "Nani anazuia maziko hapa?"

Bi Somoe akajibu kutoka chini, sauti imepungua, "Mimi, afande."

"Kabila gani wewe?"

"Mngindo."

"Wa wapi?"

"Likawage."

"Na marehemu?"

Saidi akasema, "Mmwera, afande. Baba yangu."

Koplo akalitazama jeneza. Akamtazama Bi Somoe na ile kanzu. Akavua kofia, akampa askari mwenziwe. Akampa na kirungu. Akafungua mkanda, akampa.

Moyo wangu ukasema, leo tunapigwa.

Koplo akajinyoosha chini, akalala kizingitini ubavuni mwa Bi Somoe, na viatu vyake vya serikali.

"Mimi pia Mngindo," akasema. "Majogoo sasa mawili."

Wallahi, ua mzima uliripuka! Sheikh mwenyewe alijifunika uso kwa tasbihi mkononi, mabega yanacheza. Yule askari mwingine, sijui kabila gani maskini, kabeba kofia na virungu viwili kama mhudumu wa hoteli.

Bwana Mohani akasimama mdomo wazi.

"Bwana koplo! Mimi naleta wewe kamata mtu, wewe nalala?"

Ikabidi Saidi amshike mkono, ampeleke pembeni, amweleze yote. Kwamba yale matusi ya miaka yote yalikuwa heshima. Kwamba mzee angezikwa bila haya ingekuwa aibu, kama mtu aliyekufa ugenini. Kwamba uji wa mwisho mzee alinyweshwa na nani. Nilimwona anasikiliza, anapapasa ndevu. Alimgeukia Bi Somoe, akamtazama kwa muda, kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

Akageuka, akaondoka.

Tukajua kakasirika. Akarudi na majogoo yake mawili, moja kila mkono, yanapiga mbawa. Yale majogoo alikuwa anayapenda kama watoto. Akainama, akayaweka mbele ya wale waliolala.

"Haya. Sasa mzee naenda."

Koplo akainuka, akajipangusa vumbi, akavaa mkanda. Akaingiza bega chini ya jeneza kama wengine. Na Bwana Mohani na mbao zake nyuma.

Jeneza lilipokata kona tu, Bi Somoe akavua ile kofia, akaitazama, akaanguka chini. Hapo hapakuwa na utani tena. Alilia kilio ambacho mimi mkwe sikukilia. Mama Filomena na mimi tulimshika mpaka tukachoka, tukakaa naye chini mchangani.

Baada ya arobaini, Bwana Mohani akaja kwa wazee wa mtaa na swali. "Mimi mtani wangu nani? Mimi nakufa hapa Lindi, nani nalala mlango?"

Wazee wakapekua makabila yote ya kusini. Hakuna aliyewahi kupigana na Kalasinga. Wakataka kumwambia haiwezekani, Bi Somoe akapaza sauti toka jikoni, "Huyo namchukua mimi!"

Kesho yake asubuhi mtaa mzima tumetoka kusikiliza. Bi Somoe akamtukana kuanzia kilemba, akashuka ndevu, akamalizia na miguu. Zamu ya Bwana Mohani. Jasho linamtoka, usiku kucha kajizoeza. Akasogea, akaweka mkono kifuani:

"Shikamoo, mama. Samahani sana. Wewe kichwa kama boga. Asante."

Bi Somoe alijibu "Marahaba," halafu akashindwa kusimama kwa kicheko.

Basi wakuu, na wewe kijana wa Kariakoo, la kwangu ni hili: usimhukumu jirani kwa unachokisikia kupitia ukutani. Nenda kaulize. Ukikosea, rudi na majogoo, utasamehewa. Wazungu walituandika kila mtu na kabila lake, lakini uani kwetu makabila ndiyo yalikuwa kamba ya kushikamana.

Nimechoka kidole. Nanyi semeni, mtani wako ni nani na mara ya mwisho kakufanyia nini? Na kama kuna Mngindo wa Likawage anasoma hapa: we mla panya, hujambo?