Jicho la Kushoto la Kaka Yangu

Mwezi jana nilimsindikiza mjukuu wangu shuleni kwake Milimani. Tulipopita kando ya ukumbi nikasikia mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu usichana wangu: pa, halafu kimya, halafu pa tena. Watoto walikuwa wakicheza badminton. Nikamwambia mjukuu atangulie darasani, nikakaa kwenye ngazi nikijifanya nafunga kiatu. Basi wacha nikuambie habari za kaka yangu, maana waliomjua tumebaki wachache.

Tulikaa kwenye nyumba za reli hapa Nakuru, chumba kimoja na jiko la nje. Baba alikuwa fundi katika karakana ya treni. Asubuhi king'ora cha reli kilituamsha, na Januari upepo wa ziwani ulileta vumbi jeupe la magadi, likaingia machoni, likaingia hata kwenye uji. Jioni kulikuwa na harufu ya maua ya pareto kutoka kiwandani, ikichanganyika na ya omena, dagaa wa mama. Mama hakupenda makuu. Ukimletea habari kwamba fulani amesifiwa, alikujibu, "Sifa hazipikwi."

Aliyemfundisha kaka kucheza alikuwa mwalimu wake wa hesabu, Mhindi mwembamba mwenye nywele za kupaka mafuta. Siku moja alimwona kaka akikimbiza kuku wa jirani, akacheka, akamwambia, "Wewe, kesho kuja kwa ukumbi." Ulikuwa ukumbi wa jumuiya yao. Wazee wengine walinung'unika kuona kijana Mwafrika anaingizwa mle. Mwalimu akawaambia, "Basi na mimi natoka." Wakampisha.

Jumamosi nilimfuata kaka huko. Mke wa mwalimu alinipa bhajia za moto ndani ya gazeti, nami nikala huku nikitazama kile kinyoya cheupe kikipaa juu ya wavu. Kaka alipenda kucheza mmoja kwa mmoja. Alisema wakicheza wawili wawili, mtu hajui ashukuru nani.

Aliwashinda watu wa Nakuru, akawashinda wa Kisumu, kisha akaenda Nairobi. Huko kampuni moja ilimwajiri kwa jina la karani, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuwachezea. Akawa anakula kwa raketi yake, jambo ambalo baba hakulielewa mpaka mwisho. Akija nyumbani, mama alizifua kaptura zake nyeupe kwa buluu ya kung'arisha na kuzianika ndani, zisishike vumbi. Huyo huyo mama wa sifa hazipikwi.

Miaka ya sabini ilipoanza, kaka alichaguliwa kwenda kucheza ng'ambo. Hakuna mtoto wa nyumba za reli aliyekuwa amepanda ndege. Akaja Nakuru kufanya mazoezi ya mwisho na mwalimu wake.

Nilikuwepo. Ilikuwa alasiri, jua limejaa madirishani. Mwalimu aliruka kupiga kwa nguvu, na raketi yake ya mbao, ambayo ilikuwa ya zamani, ikavunjika shingoni. Kichwa cha raketi kikaruka juu ya wavu. Ncha ya ule mti uliovunjika ilimwingia kaka kwenye jicho la kushoto.

Hakupiga kelele. Alipiga goti, akasema polepole, "Mwalimu, zima taa. Zinaniumiza." Taa hazikuwa zimewashwa.

Daktari wa macho huko Nairobi alituambia bila kuzunguka. Jicho lile halitaona tena, na lazima litolewe upesi. "Macho ni ndugu," alisema. "La kwanza likiumia hivi na ukaliacha ndani, la pili linaweza kulifuata."

Kaka akakataa. "Nikitolewa jicho, nani atanichukua ng'ambo? Niacheni, litapona." Mama alimpigia magoti. Baba alisema tu, "Huyo ni mtu mzima. Siwezi kumshika."

Kisha mwalimu akaja kwetu, kwa mara ya kwanza. Alisimama mlangoni, viatu mkononi, machozi yakimtoka mbele yetu watoto.

"Mama," alisema, "mimi naharibu kijana yako."

Mama alimtazama. Sikuwahi kumwona akimtazama mtu hivyo. "Kama ni wewe umemharibu, basi wewe mwambie akubali. Sisi amekataa kutusikia."

Mwalimu aliingia, akakaa kitandani kwa kaka, akamsihi kama mtu anavyomsihi mwanawe. Kaka aligeukia ukutani.

Tukaanza mazoezi uani, mimi na yeye. Nilimrushia vinyoya, naye mwanzoni alipiga hewa. Kwa jicho moja hakujua kitu kiko mbali au karibu. Lakini alikuwa mkaidi, na baada ya wiki chache akaanza kuvipata, kimoja, kisha vitano mfululizo, akacheka kile kicheko chake cha zamani. Majirani walikuja kutazama. Mimi nikaamini kwamba daktari alikosea.

Halafu akaanza kuvikosa tena. Aliniambia nirushe taratibu. Aliniambia nisogee karibu. Siku moja nilirusha, akasimama tu na raketi imeinuliwa, kinyoya kikamgonga kifuani. Akanijia mikono mbele, akanishika uso. "Umesharusha?" akaniuliza.

Mvua za masika zilimkuta haoni kabisa. Lile jicho lilitolewa wakati huo, na halikusaidia kitu.

Wahindi wengi walikuwa wakihama miaka ile. Mwalimu naye alipopata ndege alikuja kuaga. Kaka alikuwa ameketi nje kwenye kigoda. Kaka akamuuliza, "Mwalimu, siku ile kinyoya kilianguka wapi?"

"Ndani," mwalimu alisema. "Kwa laini."

"Basi hiyo ilikuwa pointi yako."

Mama ndiye aliyemshika mwalimu mkono, akamsindikiza hadi barabarani.

Baba alipostaafu tulihamia shamba dogo Kuresoi, kwenye baridi. Kaka alichambua viazi kwa vidole, vikubwa huku, mbegu kule. Hakuutaja mchezo tena, wala hakuoa. Homa ya mapafu ilimchukua kabla nywele zake hazijaanza kuota mvi, na mama hakukaa sana nyuma yake.

Sasa hata majirani wa reli wametawanyika, na karakana haina moto. Kaka hakupigwa picha hata moja akiwa uwanjani. Jinsi alivyokuwa akiruka, ule mwili ukisimama kidogo hewani kabla mkono haujashuka, ninajua mimi peke yangu. Wanangu wameniomba mara nyingi niwaelezee. Nimejaribu hapa pia, na naona sijaweza.