Beji ya Divisheni ya Baba

Wiki iliyopita mlinzi mmoja aliniletea shati lake kwenye cherehani yangu hapa ugenini, mtaani Doornfontein. "Mama, toa beji hii, utie ya kampuni mpya," akasema. Nilipoanza kufumua nyuzi, nikaisikia tena harufu ya mchana mmoja kule Kongo, nilipokuwa na miaka saba.

Divisheni ya baba, askari wa miguu walioanza vita upande wa serikali, ilikuwa imehamia kwa waasi. Wanaume waliketi uani vifua wazi, huku mama akifumua beji kwenye mashati yao, akizitupa jikoni kwenye makaa na kushona nyingine. Nyuzi zilinuka kama nywele zinazoungua. Mimi nilidhani wamepandishwa cheo, nikashangaa mbona hakuna anayecheka.

Beji ya zamani ya baba ilikuwa na simba mwekundu, na nilimwonea huruma simba huyo. Nikaiopoa kabla haijashika moto, nikaishona ndani ya mfuko wa shati lake kwa mishono yangu mikubwa ya kitoto, iwe zawadi atakayoikuta akiwa mbali.

Kesho yake baba aliondoka na wenzake. Wenzake walirudi. Walituambia tu kwamba njiani wakubwa wapya waliwapekua mifuko.

Mlinzi alipofuata shati, aliuliza beji ya zamani iko wapi.

"Nimeichoma," nikamwambia.

Kila Jumapili mama hunipigia simu kutoka nyumbani, na bado huuliza baba aliwakosea nini wakubwa wale. Bado sijamwambia kuhusu simba niliyemshona mfukoni.